Maziwa Aliyokunywa Kaptula

Jumapili, 11 Februari. Yoba, Gitega

Leo Jeska ameondoka. Naandika kwenye daftari lake la chuo. Kurasa za mbele kuna matumbo manne ya ng'ombe aliyoyachora mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na ukiyaona utasema yamepigwa picha. Mimi niliishia darasa la saba, kambini Tanzania, lakini hata mimi najua kwamba mkono uliochora hivi si mkono wa kawaida. Amekwenda Buhinyuza, mkoa wa Muyinga, kutibu mifugo ya watu. Walimwuliza maswali nusu saa tu wakamwajiri. Wengine waliulizwa saa nzima na wakarudi kwao.

Nilimsindikiza hadi kwenye gari. Sikulia. Nililia njiani wakati wa kurudi, na tena mbele ya nyumba ya jirani yangu Emiliana, aliyekuwa anafagia, akaniona.

Ameniachia mbwa wake. Anaitwa Kaptula, maana mwili wote ni kahawia isipokuwa mapaja ya nyuma, meupe pepe, kama amevaa kaptula ya shule. Jeska alimwokota akiwa bado mwanafunzi. Pikipiki ilikuwa imemgonga, akamfunga mguu kwa vijiti mpaka ukaunga. "Mama, chumba nilichopanga huko hawataki mbwa. Nitunzie mpaka nipate nyumba. Na uongee naye, nimemzoesha." Nikamjibu kwamba mimi na mbwa hatuna maneno.

Jumatatu, 12 Februari

Amelala mlangoni, uso ameuelekeza barabarani. Hakula.

Jumanne, 13 Februari

Hakula tena. Mimi pia sijala vizuri, ila mimi sijamwonyesha mtu.

Alhamisi, 15 Februari

Nimemwambia. Nilikaa kwenye kigoda nikamwambia, "Sikiliza, amekwenda kazini, hajatutupa. Mshahara ukitoka atakuja. Wewe ukifa na njaa nitamwambia nini?" Akainua sikio moja. Nikaendelea, nikamweleza na habari za masomo yake, jinsi alivyokuwa wa pili darasani, na wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu kwa hiyo tuseme alikuwa wa kwanza. Akala ugali na ndagala, dagaa wa hapa. Akala na sehemu yangu.

Jumanne, 20 Februari

Nimepanda maharage shambani kwangu, kule Itaba. Mvua nzuri. Kaptula alinifuata njia nzima, nikilima analima na yeye kwa miguu ya mbele, mahali pasipotakiwa.

Jumapili, 25 Februari

Jeska hupiga simu kila jioni. Naweka sauti kubwa, naishusha simu sakafuni, wanaongea. Yeye anasema, "Kaptula, umekula? Mama anakusumbua?" Mbwa anazunguka simu anaitafuta harufu. Akikata, mimi naendelea pale alipoachia, kwa sababu huwezi kumwacha kiumbe katikati ya mazungumzo. Sasa naongea na Kaptula zaidi kuliko nilivyoongea na marehemu mume wangu, na huyu hanikatizi.

Jumatatu, 26 Februari

Emiliana amekuja na uso wa kanisani. Yeye na mumewe, Mzee Bonifasi, ni watu wa hapa hapa, hawakuwahi kukimbilia nchi yoyote, hata vita vilipopita juu ya paa lao. Tunaongea Kirundi. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho nilichofundishwa kukiandika.

"Mama Jeska, jioni unaongea na nani?"

"Na Kaptula."

"Kaptula ni nani?"

"Si huyu mbwa wa Jeska!"

Akasema "eee", ile yao ndefu. Akaniwekea mkono begani, akatoka taratibu kama mtu anayetoka kwa mgonjwa.

Baadaye Cibalonza alikuja kuchukua sufuria. Huyu ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, anapanga chumba uani kwangu na anauza vitenge sokoni. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Jeska, batu walikuwa na kuniuliza kama we iko na bwana mu nyumba! Mi nikasema hapana, ni mbwa tu. Njo wakasikitika zaidi."

Jumanne, 27 Februari

Asubuhi Emiliana ameleta maziwa.

Inafaa nieleze. Bonifasi ana ng'ombe mmoja, Gaju, anayefugwa zizini nyuma ya nyumba yao. Maziwa yake hayauzwi kwa kila mtu. Watu wanakuja na madumu na pesa mkononi, anawarudisha. Na leo Emiliana kaja kwangu, chombo kimefunikwa, akanipa kwa mikono miwili. "Bonifasi amesema unywe kila siku. Kuondokewa na mtoto ni ugonjwa, na wewe sasa unaongea peke yako."

Ningesema nini? Tumbo langu na maziwa havijawahi kupatana. Kambini tulikua kwa uji na dengu, maziwa niliyaonja nikiwa mtu mzima. Lakini hapa Yoba bado wananiita Mtanzania, na mtu wa hapa akikataa maziwa ni kama amekataa mkono alionyooshewa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa mbele yake yote, nikafuta mdomo nikasema, "Maziwa gani haya! Hata Tanzania yote sijaona."

Jumatano, 28 Februari

Sikwenda shambani. Sababu tunaijua mimi na choo.

Ijumaa, 1 Machi

Ya leo sikuyanywa mbele yake, nilisema nitayanywa na viazi. Alipoondoka nikakaa nayatazama. Kumwaga nisingeweza, hata mimi nina adabu. Kaptula akaja akakaa, mkia unafagia sakafu. Nikamimina kwenye bakuli lake.

Alikunywa akafumba macho.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Maharage yametoka vizuri. Kaptula manyoya yanang'aa.

Jumapili, 17 Machi

Kanisani Emiliana ameniambia, "Unaona! Umependeza." Nikasema maziwa yenu yananinenepesha, nikajipiga shavu. Mzee Bonifasi akainamisha kofia kidogo, na kwa mtu kama yule hiyo ni hotuba. Kweli nimenenepa. Ni kwa sababu nimeanza kula vizuri, maana nikila mimi, Kaptula naye anakula. Lakini hayo ya mbwa mtu hasemi kwenye mlango wa kanisa.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Jeska hakuja, mafuta ya gari hakuna. Alitutumia picha amebeba mwanakondoo. Nimemwonyesha kila mtu niliyekutana naye na wawili ambao hawakusimama.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Cibalonza aliingia kuomba kiberiti akamkuta Kaptula na bakuli, mdomo mweupe. "Ee Mungu wangu. Si njo ile maziwa ya Emiliana?" Nikamwambia funga mlango, nikamweleza yote, mpaka ya choo. Akaapa hatasema.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Barabara ya Itaba imekuwa mto. Magugu yanakua kuliko maharage.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo hakuna maziwa. Nilisimama mlangoni na chombo kilichooshwa, Emiliana hakuja. Nikadhani ni mvua.

Jumanne, 23 Aprili

Emiliana amepita mbele yangu hakunisalimia. Nikasema "Amahoro, Mama!" akaendelea kutembea. Miaka kumi na miwili tunaishi ukuta kwa ukuta, hajawahi kupita bila salamu, hata siku mama yake alipofariki.

Jioni Cibalonza ameingia, hacheki. Sokoni mwanamke mmoja alikuwa anasema Mama Jeska amerogwa, anaongea peke yake. Cibalonza akataka kunitetea. Akasema huyu si mgonjwa, anaongea na mbwa wake, tena anamjali mpaka anamnywesha maziwa.

"Ya nani?" wakamwuliza.

"Mi nikanyamaza. Lakini nilinyamaza mbaya, Mama Jeska. Wakaelewa."

Nilimwambia atoke. Nilimwambia na mengine ambayo sitayaandika kwenye daftari la mtoto.

Jumatano, 24 Aprili

Nimejua jambo lenyewe. Gaju anaumwa. Tangu Jumapili maziwa yamepungua, kiwele kimevimba, anapiga teke akikamuliwa. Mzee Bonifasi anasema kwao wanajua tangu zamani: maziwa yakipita kwenye koo la mbwa, ng'ombe anasikia, anayafunga.

Nyumbakumi wetu, Urbano, amenijulisha kwamba kesho tutakaa kwake na wazee wa usuluhishi.

Alhamisi, 25 Aprili

Tulikaa kwenye baraza la Urbano, mvua inapiga mabati hata watu wanapaza sauti. Wazee watatu, Bonifasi na Emiliana, majirani, na Matata wa nyumba ya kona, ambaye Kaptula alimbwekea mara moja na hajasahau. Mimi nilivaa kitenge cha sherehe. Kama wananihukumu, wanihukumu nikiwa nimependeza.

Urbano akauliza, "Mama Jeska, ni kweli maziwa ya Mzee Bonifasi ulimpa mbwa?"

Nikasema ni kweli.

"Yote?"

"Ya siku ya kwanza nilikunywa mimi."

Watu wakaguna. Bonifasi akasimama. Ni mrefu, lakini sauti yake ni ndogo, ikabidi watu wasogee. Akasema, "Gaju ni mjukuu wa ng'ombe niliyepewa na rafiki yangu Fabiano. Baada ya vita nilikuwa sina kitu. Fabiano naye alikuwa na ng'ombe wawili tu, akanipa mmoja. Amekufa. Nikimkamua Gaju, nasalimiana na Fabiano. Nikamwambia mke wangu, jirani yetu mtoto wake ameondoka, mpelekee. Wajukuu zangu wakapunguziwa kikombe. Sikuumia kwa maziwa. Nimeumia kwamba alipokea kwa mikono miwili."

Akakaa.

Hapo ndipo ningesema la tumbo. Lilikuwa mdomoni. Lakini watu arobaini wananitazama, na Matata anatabasamu, na mimi ni mama wa Daktari. Nisimame pale niseme maziwa yananiharisha? Nikasema kitu kingine. Nikasema, "Mbwa yule ni wa mwanangu. Si mbwa wa barabarani. Anaelewa mambo."

Nilisikia mwenyewe jinsi lilivyoanguka vibaya.

Emiliana akasema chini chini, lakini mvua ilikuwa imepungua tukasikia wote: "Wajukuu wangu nao wanaelewa mambo."

Matata akasema haya maneno ni mengi, kipande cha nyama na dawa kidogo, kesho tumesahau. Nikasimama. Nilikuwa natafuta kigoda cha kumpiga nacho. Bonifasi ndiye aliyemjibu, bila kugeuka: "Mimi siui mbwa wa mtoto wa mtu. Lakini asionekane hapa mpaka ng'ombe wangu apone."

Wazee wakakubaliana: Kaptula aondoke kabla ya Jumapili. Matata akanipita mlangoni akasema, "Jumapili, mama. Mimi najua kuhesabu siku."

Ijumaa, 26 Aprili

Sikumfungulia Kaptula mlango. Kila kipande cha nyama nakiona kina dawa.

Jumamosi, 27 Aprili. Buhinyuza

Mabasi yote yalimkataa. Tulipata lori la Saidi, anayepeleka ndizi Muyinga. Saidi ni Mwislamu mzuri na aliniambia wazi: "Mama, wewe kaa hapa mbele. Yeye na ndizi." Njia yote ya Karuzi nikawa nageuka kumtazama kwenye dirisha la nyuma. Amekaa juu ya mikungu ya ndizi kama bwana shamba. Muyinga mjini tukapanda pikipiki, mimi katikati, Kaptula mapajani amefungwa na kitenge changu cha sherehe. Watoto walitukimbilia kilomita nzima.

Nikamkuta mwanangu kazini. Amevaa gambuti na koti la kijani, ameshika mbuzi kwa miguu, na wanaume wazima wamepanga mstari na mbuzi wao wanamwita "Dogoteri", yaani Daktari. Wanaume wenye mvi! Nilisimama mbali kidogo nishibe. Kaptula hakushiba kwa macho, akaukata mstari, mbuzi wakatawanyika, ikabidi chanjo ianze upya.

Jioni nikamsimulia. Nilidhani atanikumbatia. Alinisikiliza mpaka mwisho, anamkuna Kaptula sikio, kisha akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyedanganya, na aliyefukuzwa ni Kaptula."

Nikasema sikudanganya, nilinyamaza tu.

"Ulijipiga shavu kanisani, Mama. Ulinisimulia mwenyewe kwenye simu ukicheka."

Halafu akaanza kuniuliza kama polisi. Kiwele kimevimba upande mmoja au wote? Chuchu ngapi? Kina moto? Maziwa yana mabonge? Sikujua. Nilikuwa nimeshughulika na mbwa wangu na aibu yangu, sikuuliza habari za ng'ombe hata mara moja. Jeska akasema, "Huo ni ugonjwa wa kiwele, karibu nina hakika. Mvua hizi zizi limelowa, analala kwenye tope. Unatibika. Lakini ukichelewa chuchu inakufa kabisa."

"Basi nitampelekea dawa yako!"

"Hatapokea. Ungekuwa wewe ungepokea dawa kwa mtu aliyekufanyia hivyo? Kamwambie ukweli kwanza. Wa tumbo."

Mwenye nyumba wake amekubali mbwa akae wiki mbili uani, baada ya mimi kumweleza mtoto wangu ni nani.

Jumatatu, 29 Aprili. Yoba

Nyumba kimya. Nilifika nikasema "Nimerudi," halafu nikakumbuka.

Jioni jua lilipotoka kidogo nikaenda kwa Bonifasi. Emiliana hakuwepo. Nikasikia sauti nyuma ya nyumba. Nikazunguka.

Mzee alikuwa zizini, amechuchumaa kwenye tope, kitambaa cha maji ya moto mkononi. Anamwambia Gaju, "Nimekukosea nini? Sema. Mimi si mtu mbaya. Ulikula vizuri jana, leo kwa nini unanigeuzia mgongo? Fabiano angeniuliza ningemwambia nini?" Anaongea, anangoja, kama amejibiwa, anaongea tena.

Nikataka kurudi. Halafu nikakohoa.

Akaona aibu, akasimama haraka. Nikasema yote kwa mara moja nisije nikageuka: "Mzee, maziwa yananiharisha. Tangu siku niliyoyaonja. Siku ya kwanza nilikunywa nikalala chooni siku nzima. Nikaogopa kusema, nikaogopa mtaniambia Mtanzania hajui maziwa. Na kumwaga sikuweza. Kwa hiyo nilimpa yule ninayempenda kuliko wote ndani ya nyumba. Sikumpa kwa dharau. Alikuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho."

Mzee akakikamua kitambaa chake. Gaju akatikisa kichwa kwa inzi.

"Tumbo?" akasema.

"Tumbo."

"Miezi miwili?"

"Mzee, ningekunywa miezi miwili mngekuwa mmenizika."

Nikaona mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mzee yule, anacheka bila sauti, amejishikilia kwenye mlingoti wa zizi. "Mimi nimekaa naumia siku nane," akasema, "nimeita wazee, nimemkosesha Urbano usingizi, na ni tumbo!" Emiliana akaingia na kuni kichwani, akatukuta hivyo. Nikamweleza na yeye. Akazitupa kuni chini. "Theodosia! Chooni siku nzima na mimi nilikuwa ukuta wa pili! Ungegonga ukuta!" Hajawahi kuniita kwa jina langu. Kisha akalia kidogo, na mimi nikamsaidia.

Ndipo nikatoa simu. Nikaweka sauti kubwa. Jeska akamsalimia Mzee kwa heshima zote na kuanza maswali yake. Bonifasi akajibu huku ameinama chini ya ng'ombe: upande wa kulia, chuchu ya nyuma, ndiyo ina moto, ndiyo mabonge. "Mkamue hiyo mara nyingi mpaka nije, Mzee. Ondoa matandiko yote yaliyolowa. Jumatano ni sikukuu ya wafanyakazi, nitakuja."

Simu ilipokwisha Mzee akaniuliza, "Huyu ndiye uliyekuwa unaongea naye jioni?"

"Huyu, na mbwa."

"Ah," akasema Bonifasi. Akarudi kumkanda Gaju.

Jumanne, 30 Aprili

Tumebeba tope la zizini kutwa nzima. Mimi, Emiliana, na Cibalonza, niliyemwomba msamaha asubuhi. "Mama Jeska, mi nilishalia, nikamaliza," akasema, akachukua koleo. Nimegundua kwamba katika mtaa mzima huyu peke yake ndiye aliyejaribu kunitetea, ingawa alitetea vibaya.

Jumatano, 1 Mei

Jeska amefika saa nne na sanduku la dawa. Majirani wote kwenye uzio. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaingia chini ya Gaju, na Gaju, anayempiga teke hata Mzee, akasimama. Akamkamua uchafu wote, akaingiza dawa kwenye chuchu kwa kibomba chake chembamba. Nilikuwa nawaeleza watu pale uzioni kila anachofanya. Mengine nilibuni.

Kabla ya kuondoka akasema, "Dawa siku tatu, Mzee ataingiza mwenyewe, nimemwonyesha. Na maziwa yasinywewe na yeyote wiki nzima. Si mtu, si ndama, si mbwa. Mmwage."

Bonifasi akawa kama amepigwa.

Alhamisi, 2 Mei

Asubuhi Mzee kagonga kwangu, ndoo mkononi. Maziwa ya chuchu zote nne.

"Mama Jeska. Mimi mikono hii haijawahi kumwaga maziwa chini. Wala ya baba yangu. Wewe si umelelewa Tanzania?"

"Nimelelewa Tanzania."

"Basi mwaga wewe."

Tukaenda nyuma ya choo chake nilikochimba shimo. Akageukia ukuta akavua kofia. Nikamwaga polepole, kwa mikono miwili, kwa sababu nilikuwa nauona mgongo wake. Nikafukia. "Tayari?" "Tayari, Mzee." Akavaa kofia.

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwaga asubuhi na jioni.

Jumamosi, 4 Mei

Nimemwaga. Matata, yule wa nyama yenye dawa, amekuja kuuliza lini Daktari atarudi amwangalie mbuzi wake anayekohoa. Nikamwambia apange foleni. Foleni haikuwepo. Nikaianzisha na yeye.

Jumatano, 8 Mei

Nimemwaga kwa mara ya mwisho. Uvimbe umekwisha. Jeska anasema kwenye simu chuchu ile ya nyuma huenda isitoe maziwa tena. Nilipomwambia Bonifasi akasema tatu zinatosha, wajukuu ni wanne, watapokezana.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua zinaisha. Emiliana ameniletea mtama wa uji. Amekaa akahakikisha nimekunywa.

Alhamisi, 30 Mei

Jioni bado nasema "Njoo ule" kabla sijakumbuka. Mwenye nyumba wa Jeska amechoka, wiki mbili zimekuwa tano. Nikamwuliza Urbano kama Kaptula anaweza kurudi. Akasema wazee waliamua "mpaka ng'ombe apone", na mwenye kujua kama amepona ni Bonifasi. Bonifasi nilipomwuliza akatazama zizi akasema, "Mlete tuone." Tuone nini, hakusema. Silali.

Jumamosi, 8 Juni

Maharage yamevunwa, yako kwenye turubai uani, na jua la kiangazi linayapasua yenyewe. Leo Jeska amekuja na lori la Saidi. Saidi safari hii kamkalisha Kaptula mbele, miguuni pa Jeska, anasema safari ile ndizi zake ziliharibika.

Kaptula aliniona toka kona ya Matata. Siandiki alivyofanya. Kitenge kimechanika, basi.

Sikumwacha aingie ndani. Nilimfunga kamba, nikampeleka moja kwa moja kwa Mzee, maana nilitaka nijue kabla furaha haijazidi. Emiliana alikuwa mlangoni, na wajukuu, na Cibalonza alifunga biashara yake ya vitenge akaja. Bonifasi akachukua kamba mkononi mwangu.

"Si mimi wa kusema," akasema. "Maziwa hayakuwa yangu."

Akamwingiza zizini. Nikashika mkono wa Jeska. Akaninong'oneza, "Mama, unaniumiza," lakini na yeye alikuwa haangalii pengine.

Kaptula aliona ile miguu mikubwa ya Gaju akalala chini, tumbo kwenye majani makavu, masikio nyuma, hakubweka. Gaju akaacha kutafuna. Akashusha kichwa, pembe zote mbili zikashuka, zikakaribia. Mzee hakuvuta kamba. Pua kubwa ikaja mpaka kwenye kaptula nyeupe, ikanusa, ikapanda mgongoni, ikanusa sikio. Kisha Gaju akapuliza puu, vumbi la majani likamwingia mbwa machoni, Kaptula akapiga chafya. Ng'ombe akageuka, akaendelea kula majani yake.

Bonifasi akafungua kamba shingoni mwa Kaptula, akaiviringa taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Amekubali," akasema. "Nendeni mkale."